Geti la gia la kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Toyota Altezza yangu ianze kuonekana mtaani Mwanga, mjini Kigoma, ikiwa na ile pleti ya chuma katikati ya viti, siegeshi gari dukani bila kukuta alama za pua kwenye kioo nikirudi. Watu wanachungulia, wananingoja, wanauliza. Maswali ni yale yale, na majibu nimeyatoa nikiwa nimeshika mfuko wa sukari mara nyingi mno. Haya hapa yote, kwa anayetaka kulitengeneza geti lake hapa Kigoma au kokote kwenye vaisi, drili na tupa.

Geti la gia ni nini?

Ni pleti yenye mifereji iliyokatwa kwa kufuata njia za gia: moja na mbili, tatu na nne, tano na sita, na rivasi pembeni. Leva inapita katikati ya mifereji hiyo, wazi, bila ngozi wala raba juu yake. Kwenye gari la kawaida njia hizo zipo vilevile, ila zimo ndani ya giaboksi na wewe unazihisi mkononi tu. Geti linazileta juu ya meza.

Litanifanya nibadilishe gia haraka zaidi?

Hapana. Ukweli ni kwamba litakuchelewesha kidogo, hasa miezi ya mwanzo. Anayekwambia limemwongezea kasi anakuuzia kitu. Geti linakupa mambo mawili: mkono unajua uko njia ipi bila kubahatisha, na ule mlio wa leva kugonga chuma. Mimi nililitengeneza kwa ajili ya mlio. Sioni aibu kusema.

Magari gani yalitoka nalo kiwandani?

Ferrari ndiyo iliyolifanya lijulikane. Magari yake mengi yenye injini nyuma ya dereva yalikuwa na leva upande mmoja na giaboksi mbali kule nyuma, vikiunganishwa na fimbo ndefu. Fimbo ndefu ina mchezo, yaani inalegea legea kidogo, na mchezo unamfanya dereva akose njia, kwa hiyo pleti ya kuongoza leva ilikuwa na kazi ya kweli. Testarossa ilikuwa na mpangilio ambao gia ya kwanza iko kushoto chini na rivasi juu yake, ili ya pili na ya tatu ziwe kwenye mstari mmoja.

Mwaka 1997 Ferrari ilianza kuuza F355 ya kubadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, na kuanzia hapo geti likawa linahesabu siku. Kufikia 2012 hivi Ferrari ilikuwa imeachana na manuali kabisa. Lamborghini Gallardo ilifika mwisho 2013. Audi R8 ya kizazi cha kwanza nayo ilikuwa na geti zuri sana, ya kizazi cha pili haikuwa nalo. Kisha Pagani wakalirudisha kwenye Utopia ya 2022. Kwa hiyo ukitaka geti leo una njia mbili: uwe na pesa za kununua moja ya hizo, au uwe na tupa.

Gari langu linafaa?

Likiwa manuali, linafaa. Tofauti ni ugumu wa kazi, na ugumu unategemea leva imekaa wapi.

Gari linalotumia kebo, kama Toyota nyingi za injini iliyolala kwa upana, ndilo rahisi kuliko yote. Leva yake imekaa kwenye kiti chake, yaani kishikizo chake cha chini, juu ya sakafu, na kebo mbili zinakwenda kwenye giaboksi. Kiti hakitikisiki na injini. Unafunga geti juu ya kiti hicho hicho na umemaliza nusu ya kazi.

Altezza na magari mengine ya injini iliyonyooka mbele kwenda nyuma yana leva iliyochomekwa moja kwa moja juu ya mkia wa giaboksi. Hapo kuna mtego ambao nitaueleza chini, maana umenigharimu pleti nzima.

Subaru Impreza iko katikati: leva imekaa kwenye mkono mrefu, mwisho mmoja umeshikwa na giaboksi na mwingine na bodi kupitia raba. Geti lake likae juu ya mkono huo, si juu ya bodi.

Na la otomatiki je?

Hapana, ndugu. Yale mapengo ya kona kona unayoyaona kwenye baadhi ya Mercedes ni ya kuzuia usiingize rivasi kwa bahati mbaya. Ni kitu kingine.

Nitumie chuma gani?

Pleti ya chuma laini ya milimita 5 inatosha na inakatika. Kipande cha sentimita 14 kwa 13 kina uzito wa takriban gramu 700 kabla hujakata mifereji, kwa hiyo kwa muuza vyuma hiki ni kipande cha chini ya kilo moja, mara nyingi ni masalio yaliyorundikwa pembeni. Ubaya wake ni kutu. Huku ziwani hewa ya asubuhi ina unyevu, na pleti iliyong'arishwa Jumamosi inaanza kuvaa rangi ya chai Jumatano usipoipangusa na mafuta.

Stenlesi ndiyo inayopendeza na ndiyo niliyonayo sasa. Inasumbua biti. Ukiipiga drili kwa mwendo mkali bila kukandamiza, inajikaza pale pale na biti inaanza kupiga kelele tu bila kula. Drili polepole, kandamiza kwa uzito, biti iwe kali, na mafuta yasikosekane. Mimi nilitumia mawese. Watu wanacheka, lakini mafuta mazito ya mmea yanafanya kazi hiyo vizuri. Kasoro yake ni kwamba usipoyaosha yanachacha, na karakana inanuka kama jikoni kwa shangazi.

Alumini ni nyepesi (kipande kile kile kingekuwa na gramu 250 hivi) na unaikata kama jibini, ila leva ya chuma itaila kingo zake na mifereji itapanuka. Brasi ni nzuri kwa macho, ghali kwa mfuko. Springi ya Fuso ambayo kila mtu ananishauri ni ngumu mno. Usipoilegeza kwanza kwa moto utamaliza tupa zako zote. Na yeyote anayekuletea kipande kizito chenye bei rahisi usiku, akikwambia ni "cha kawaida tu", kiangalie vizuri kama hakikutoka kwenye reli. Hicho usikiguse.

Vipimo vya mifereji navipataje?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanachukua picha ya geti la Ferrari, wanalipunguza mpaka litoshe kwenye kisanduku cha katikati, wanakata. Halafu wanashangaa gia ya tano haiingii. Kila giaboksi ina mwendo wake, na mwendo huo uko kwenye leva yako, hauko kwenye picha ya mtu.

Fungua kisanduku cha katikati, toa ngozi na raba ya juu, acha leva peke yake. Chukua ubao mwembamba, toboa tundu kubwa la mraba, uufunge imara pale ambapo geti litakaa, kwa urefu ule ule. Sasa ingiza gia moja moja. Kila gia, pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya mbili) vitu viwili: kutoka ubavu wa kushoto wa leva hadi ukingo wa kushoto wa tundu, na kutoka mbele ya leva hadi ukingo wa mbele. Andika. Usisahau kupima ukiwa frii kwenye kila njia: frii ya njia ya moja na mbili, frii ya tatu na nne, na kuendelea. Rudia zoezi zima mara tatu, maana leva ina mchezo na mkono una uongo.

Injini ikiwa imezimwa gia nyingine zitagoma kuingia mpaka mwisho. Meno hayajakutana, si kwamba umekosea. Kanyaga klachi, mwambie mtu asukume gari nusu hatua, jaribu tena. Mimi nilimwomba kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa kivulini. Alisukuma mbele, nikapima, akarudisha nyuma, nikapima, mpaka akauliza, "Kaka, hili gari linakwenda au linacheza?"

Vipimo hivyo vihamishie kwenye boksi la sabuni, ukate, uvalishe kwenye leva. Boksi likichanika mahali, umejua mapema. Baada ya boksi tengeneza la plaibudi. Chuma kije mwisho.

Kwa nini unasisitiza urefu wa geti?

Kwa sababu leva ni mzani. Inazungukia kwenye mpira wake chini, yaani lile tufe la kwenye mguu wake, na kadiri unavyopanda juu mwendo unaongezeka. Chukua mfano huu. Kichwa cha leva kiko milimita 240 juu ya mpira. Kutoka frii hadi gia kinatembea milimita 60. Kutoka njia moja kwenda njia ya jirani kinatembea milimita 32. Leva ina unene wa milimita 12, na mfereji umeupa milimita 13.

Ukiweka geti milimita 150 juu ya mpira, mwendo wa mbele na nyuma pale ni 60 mara 150 gawanya kwa 240, yaani 37.5. Umbali kati ya njia na njia ni 20. Toa 13 za mfereji, unabaki na kidole cha chuma cha milimita 7 kati ya mifereji miwili. Hicho ni kidole cha kuaminika.

Ukilishusha hadi milimita 100 kwa sababu "linakaa vizuri zaidi chini", umbali wa njia na njia unakuwa 13.3. Toa 13. Unabaki na theluthi moja ya milimita. Hiyo ni karatasi. Ukilipandisha hadi 190 unapata vidole vinene vya milimita 12, lakini pleti inakuwa ndefu, na mkono wako utaanza kuigusa unapoingiza ya pili.

Fanya hesabu hii kabla ya kununua chochote. Kama kidole kinatoka chini ya milimita 5, ama pandisha geti ama punguza unene wa leva.

Kuna jambo dogo linalofuata hapo. Leva haisimami wima ikiwa ndani ya gia. Inalala, kwa mfano wetu nyuzi kama 14. Kitu kilicholala kinapita kwenye pleti nene kwa upana mkubwa kuliko unene wake halisi. Kwenye pleti ya milimita 5 mfereji unataka urefu wa milimita moja na kidogo zaidi ya ule wa kwenye karatasi. Kwa pembeni ulalo ni mdogo, nyuzi 7 na nusu hivi, lakini nafasi nayo ni ndogo: ile milimita moja uliyoacha inaliwa mpaka ibaki kama robo. Ndiyo maana mifereji ya pembeni huanza kukwaruza wakati ya katikati inateleza. Dawa yake ni kupiga tupa kingo za chini ya pleti kwa mshazari. Juu haionekani.

Nilifunge wapi?

Kwenye kiti cha leva chenyewe. Kwa gari kama langu, maana yake ni juu ya giaboksi, kwa nguzo fupi za chuma zinazokamatwa na bolti zile zile zilizoshika kiti cha leva. Usitoboe ganda la giaboksi.

Geti langu la kwanza nililifunga kwenye sakafu. Lilikuwa imara kama benki. Nililijaribu nyumbani, gia zote zikaingia kama siagi, nikaita majirani. Asubuhi yake nikateremka stesheni, nikageuza, nikaanza kupanda kurudi Mwanga. Nikiwa gia ya pili nikakanyaga mafuta. Injini ikijikaza, hujipinda kwenye mauntingi zake, yaani vishikizo vyake vya raba, na giaboksi inajipinda nayo. Leva, ambayo ni mtoto wa giaboksi, ikaenda nayo. Geti, ambalo ni mtoto wa sakafu, likabaki. Kidole cha chuma kikaisukuma leva, gia ikachomoka, injini ikapiga kelele juu kabisa, na mimi nikawa kwenye mlima nikiwa frii, daladala nyuma yangu ikipiga honi.

Mauntingi zangu zilikuwa zimechoka pia, hilo nakubali. Lakini hata mpya zinatembea. Raba imewekwa pale ili itembee.

Geti likishafungwa juu ya giaboksi litakuwa linatikisika pamoja nayo, kwa hiyo kisanduku cha katikati kisiliguse. Acha pengo la milimita 6 hadi 8 kuzunguka, ulizibe kwa kipande cha ngozi laini. Abiria akiliona geti linapumua wakati gari limesimama atashtuka. Mwambie ndivyo linavyotakiwa.

Nawezaje kukata mifereji bila mashine ya leza?

Kwa drili, msumeno wa chuma na tupa. Chora kwenye pleti kwa msumari uliochongwa, piga senta panchi kila mwisho wa mfereji, toboa kwa biti ya milimita 4, kisha 8, kisha 13. Tundu la 13 ndilo linalokupa mwisho wa mviringo bila jasho. Unganisha matundu mawili kwa msumeno, mistari miwili, ukiacha nusu milimita ndani ya mchoro. Hiyo nusu ni ya tupa.

Kupiga tupa ndiyo kazi yenyewe. Sukuma mbele kwa uzito, rudisha bila kugusa. Sugua chaki kwenye meno ya tupa ili unga wa chuma usigande. Kila baada ya dakika chache valisha pleti kwenye leva, uone. Mimi hupaka leva masizi yaliyochanganywa na grisi kidogo, naingiza gia zote, nachomoa pleti, na pale palipochafuka ndipo panapogusa. Ukikosa subira hapa, utakata kingi mno, na chuma ulichokitoa hakirudi.

Kama una rafiki kwenye karakana ya chuo cha ufundi mwenye mashine ya kusaga chuma, mpelekee. Nusu siku tu. Lakini mwambie aache nusu milimita vilevile, tupa umalizie mwenyewe ukiwa kwenye gari.

Mwisho wa mfereji uwe wapi hasa? Leva igonge pleti au isigonge?

Isigonge kabla ya gia kuingia kamili. Swali hili ningependa kila mtu aliulize, na karibu hakuna anayeliuliza.

Ndani ya giaboksi kuna vituo vyake. Gia ikiingia, slivu, ile pete inayoifunga gia, inateleza hadi mwisho na gololi yenye springi inadondoka kwenye tundu lake kuishikilia. Leva inatakiwa ifike pale kwa hiari ya giaboksi, na baada ya kufika ibaki nafasi ya kama milimita moja kati yake na mwisho wa mfereji. Pleti ikiwahi kuizuia leva, gia imeingia nusu. Utaendesha vizuri tu siku mbili tatu, halafu itaanza kuchomoka unapoachia mafuta, na meno yanayoshikana kwa nusu yanalika kwenye kona. Giaboksi ya gia sita ya Altezza huipati hapa Kigoma kwa kutembea dukani.

Kuhakikisha: ingiza gia, sukuma leva kwa kidole kimoja kuelekea ile ile gia. Chomeka kipande cha bati la milimita moja kati ya leva na chuma. Likipita, sawa. Fanya hivyo kwa kila gia, na urudie injini ikiwa ya moto.

Kwa nini kutoka ya pili kwenda ya tatu inakwama?

Kona za vidole bado ni kali. Kwenye gari la kawaida mkono unakwenda kwa mshazari bila kujua. Springi ya ndani inaivuta leva kuelekea njia ya tatu na nne, na wewe unasukuma tu. Geti lenye kona za mraba linakulazimisha ufike frii kabisa, ukate kona, uende mbele. Viringisha kona hizo kwa tupa ya mviringo, ya kutoka mbili kwenda tatu na ya nne kwenda tano zaidi ya nyingine. Lakini usizidishe upande wa tano kushuka. Mtu anayetoka ya tano akitaka ya nne, kisha kona imelegea mno akaangukia ya pili akiwa mwendo wa barabara ya Kasulu, injini itapandishwa mizunguko isiyoiweza na valvu zitakutana na pistoni. Acha kona hiyo iwe na adabu.

Leva ya kiwandani inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Nyingi zimepinda, au zina raba katikati ya kupunguza mtetemo, au ni bapa upande mmoja. Geti linataka fimbo ya mviringo, iliyonyooka kwenye sehemu inayopita mfereji. Mimi nilikata leva ya zamani juu ya mpira wake, nikaunganisha fimbo ya stenlesi ya milimita 12. Kuunganisha kwenyewe nilimpa mzee mmoja anayetengeneza vyuma vya kufungia injini za boti kule Kibirizi. Aliishika, akaigeuza geuza.

"Shikamoo mzee. Inaweza kushika?"

"Marahaba. Mwanangu, kitu kinachoshika injini ya boti kwenye mawimbi kitashindwa kukaa kwenye mkono wako?"

Alikereza ncha moja iingie ndani ya nyingine kwanza, ndipo akachomelea kuzunguka. Fanya hivyo hivyo. Kuchomelea ncha kwa ncha bila kuingiliana ni kutafuta siku utakayobaki na leva mkononi. Na mpira wa chini utolewe sehemu zake za plastiki kabla ya moto.

Gari langu linataka nibonyeze leva chini ndipo iingie rivasi. Itawezekana?

Inawezekana bila shida, maana fimbo ya mviringo inapanda na kushuka ndani ya mfereji kama kawaida. Angalia tu kichwa cha leva kisigonge pleti ukibonyeza. Linaloleta kazi ni lile la kuinua pete chini ya kichwa: pete na kiwaya chake lazima vibaki juu ya geti, na kiwaya kipite ndani ya fimbo au kitasuguliwa mpaka kikatike. Kwa gari la namna hiyo wengine huondoa pete na kuweka kizuizi cha springi kwenye mfereji wa rivasi wenyewe. Usiache rivasi bila kizuizi chochote pembeni ya gia ya mbele, hata kama unajiamini.

Vumbi, joto na moshi havipandi?

Vinapanda ukiondoa raba ya chini. Usiiondoe. Kuna raba mbili: ya juu ya urembo, ambayo geti linachukua nafasi yake, na ya chini inayoziba tundu la sakafu. Ya chini ibaki, na kama imepasuka nunua nyingine kabla ya kuanza. Bila hiyo utaendesha ukinusa bomba la moshi.

Raba ya chini ina kazi ya pili. Siku moja nilimpa dada yangu lifti kutoka Ujiji, akaweka chenji yake pale katikati kama tulivyozoea wote. Sarafu ya shilingi 200 ikateleza kwenye mfereji wa gia ya pili, ikasimama wima kati ya leva na kidole. Ya pili ikaingia. Kutoka ikakataa. Tulifika Mwanga kwa gia ya pili, dada akihesabu hela zake na kusema moja haipo. Siku hizi raba ya chini nimeivuta juu hadi karibu kugusa pleti, ikawa kama bakuli. Kitu kikidondoka kinakaa juu juu na nakitoa kwa vidole. Karanga ndizo mbaya zaidi, zinasagika.

Linapiga kelele?

Ndiyo. Barabara mbovu litagongagonga ukiwa frii. Unaweza kuvalisha leva bushi ya plastiki ngumu pale inapopita, na kelele zitaisha, na mlio ulioutafuta nao utaisha. Chagua.

Trafiki wanasemaje?

Waliowahi kunisimamisha wameuliza leseni, bima, na kisha "hii umenunua wapi?" Kampuni yako ya bima iambie mapema kwa maandishi, ni barua ya mistari mitatu.

Itanichukua muda gani?

Kupima, Jumamosi moja. Boksi na plaibudi, jioni mbili. Pleti, kama una kazi nyingine ya kula, hesabu wiki tatu. Kung'arisha usikuhesabu kabisa: msasa wa 120, 240, 400, 800, 1200, kila mmoja ukikatiza mikwaruzo ya uliotangulia, na kila ukidhani umemaliza jua linakuonyesha mstari mmoja. Tandika kitambaa chenye mafuta kwenye tundu la sakafu wakati wote huo, unga wa chuma usiingie kwenye kiti cha leva.

Nitumie vipimo vyako nikakate?

Nimewahi kumpa jamaa mwenye Altezza ya aina ile ile, mwaka tofauti. Ya kwake leva ilikuwa imeshabadilishwa na mwenye gari wa kwanza, fupi kuliko yangu. Mifereji yote ilikosea kwa milimita tatu. Njoo na gari, ubao na venia, tutapima pamoja.

Lile geti la kwanza uliuza?

Hapana. Liko nyumbani juu ya jiko la mkaa. Mifereji inapitisha moto vizuri, na migebuka miwili inakaa juu yake bila kudondoka.